Chupa ya Tope na Zamu ya Maji Digodigo

Kila ninapotia mguu mnadani napigwa maswali. "Mama Paskali, ni kweli shemeji yako alitozwa mbuzi ugenini?" "Ni kweli lori lilikunywa ushahidi wenu?" Nimechoka kusimulia huku nimeshika kuku mkononi, na kila nikifika katikati anatokea mtu mwingine anataka nianze upya. Basi nimeandika. Mmoja akishasoma awasomee wenzake, na siku nyingine tukikutana tuulizane bei ya maharage kama watu wazima.

Habari za ruhusa na barua za utambulisho sitazigusa, maana hakuna asiyejua adha yake. Ila kwa wale walio mbali na Karatu, lazima nianze na chemchemi.

Chemchemi yetu iko bondeni nyuma ya mji. Zamani ilitoka chini ya mikuyu, maji yakafuata kijito hadi mashamba ya chini. Mji ulipoanza kukua kila mtu akataka nyumba ya matofali ya kuchoma, na mikuyu yote ikaishia kwenye tanuri. Mchanga wa kijito ukapanda malori. Kisha barabara ikataka moramu, ule udongo wa kushindilia, na kilima kilichoibeba chemchemi kikaanza kumegwa kama ugali. Mvua ikinyesha kinashuka chenyewe. Tukawa tunateka maji yenye rangi ya chai ya maziwa, wakati ambao chai yenyewe, kwa shida ya sukari iliyokuwepo, tulikuwa tunaisikia kwa jirani tu.

Shamba langu liko kwenye ukingo wa shimo kubwa kuliko yote. Msimu uliopita mistari miwili ya mahindi yangu iliteremka shimoni ikiwa imesimama wima, ikaendelea kukua huko chini, na aliyeivuna ni shemeji Tarmo, kwa sababu shimo ni lake. Tarmo ni mdogo wa marehemu mume wangu na ndiye mkubwa wa wachimba mchanga. Ni mtu mwema kabisa mpaka umpe chepe.

Sasa mkandarasi mmoja alikuwa anautaka ukingo wa mwisho, ule ulioishika chemchemi na shamba langu pamoja. Mkutano wa kijiji ukabishana hadi jua likazama. Mtu mmoja akasema Digodigo, kwa Wasonjo, kuna mifereji tangu enzi za mababu na chemchemi zao hazichafuki. Watu waende wakaone wanafanyaje, na warudi na miche ya mikuyu. Nikauliza kwa nini miche isitoke hapa jirani, Oldeani. Nikajibiwa kwamba mikuyu ya huku imeshazoea kukatwa. Hoja ikapita kwa makofi.

Tukatumwa wawili: mimi kwa niaba ya wanaoteka, Tarmo kwa niaba ya wanaochimba, ili kila mmoja amzuie mwenzake asidanganye. Tukirudi mikono mitupu, mkandarasi anapewa ukingo wake mara tu masika yakiisha. Na mimi ningelifuata shamba langu shimoni, nikaishi huko na mahindi yangu.

KARATU HADI UKINGO WA KRETA

Lori la unga la kwenda Loliondo lilikuwa liondoke alfajiri. Dereva wake, Bwana Msuya, ni Mpare mnene asiye na haraka, na alikuwa ametuahidi kwa kiapo. Jua lilipochomoza tulikuwa juu ya magunia, yeye yuko mgahawani anasubiri dizeli. Adhuhuri alikuwa bado anasubiri dizeli, ila sasa na supu mbele yake. Dizeli ilipopatikana, tanboi hakuonekana. Tanboi alipoonekana, Msuya alikuwa amelala, na hakuna aliyethubutu kumwamsha mtu atakayetushusha milima. Tuliondoka alfajiri ya kesho yake.

Mizigo yetu ilikuwa miwili ya maana. Wa kwanza ni kibuyu kikubwa cha asali, maana kwetu Wairaqw huendi kwa watu kuzungumza mambo ya ardhi na maji ukiwa mikono mitupu. Wa pili ni chupa ya maji ya chemchemi yetu, niliyoyateka mwenyewe na kuziba kwa gunzi la mahindi. Huo ulikuwa ushahidi wangu. Niliijua tabia ya Tarmo: angefika kwa wazee wa watu na kusema maji yetu yana vumbi kidogo.

Tarmo mwenyewe alivaa koti lake la harusi, kwa kuwa alikuwa mjumbe.

"Shemeji, hiyo chupa utaifikisha kweli?" aliniuliza tulipoanza kupanda msituni.

"Nitaifikisha hata kama wewe hutafika."

Juu kwenye ukingo wa kreta kulikuwa na ukungu mzito. Msuya akasimamisha lori lipoe. Hapo palikuwa na gari la watalii waliokuja kutazama kreta, na kreta haionekani, basi wakatutazama sisi. Tarmo alikuwa ameichukua chupa aone kama tope limetuama, na mtalii mmoja akampiga picha, koti la harusi na chupa mkononi, ukungu nyuma. Kisha akamtuma dereva wake aulize ndani mna nini.

"Mwambie ndiyo maji tunayokunywa Karatu," Tarmo akajibu kwa heshima zote.

Mtalii alielezwa. Nadhani ndiko walikolala usiku uliopita, kwa sababu alirudi garini akishika tumbo.

OLBALBAL: USHAHIDI UNAINGIA REJETA

Tulishuka upande wa pili, tukaingia nyikani. Huko upepo unavuma vumbi tupu, na twiga wanakutazama kama umepotea, jambo ambalo si mbali na ukweli. Tulipoiacha Olbalbal nyuma kidogo, rejeta ikaanza kutoa mvuke. Msuya akafungua boneti, akakaa chini ya kivuli cha lori, akatangaza kwamba rejeta ina tundu na kwamba maji ya akiba yalikuwa kwenye dumu lililosahauliwa mgahawani.

Abiria wakaulizwa mmoja mmoja nani ana maji. Kulikuwa na maziwa ya mgando, kulikuwa na pombe kidogo iliyokataliwa na mwenyewe kwa uchungu. Kisha macho yote yakaja kwenye kanga yangu, nilimoifunga chupa.

"Haya siyo maji," nikasema. "Ni ushahidi."

"Mama," Msuya akasema taratibu, "utafika na ushahidi wako, lakini wewe mwenyewe utakuwa mifupa."

"Tumieni asali."

"Asali kwenye rejeta?" Tarmo akaingilia, na mnaweza kufikiri ni uchungu gani uliomshika ghafla kwa ajili ya asali. "Shemeji, hii ni zawadi ya wazee. Maji machafu utayapata wakati wowote. Nitakuchimbia mimi mwenyewe."

Abiria wakapiga kura kwa mikono. Nilishindwa kwa kura zote isipokuwa yangu. Msuya aliinua chupa juani, akaona yaliyomo, akasita kidogo kwa huruma ya lori lake, kisha akayamimina. Lori likawaka. Tarmo aliimba nyimbo za kanisani mpaka jua likatua, sauti ya pili peke yake, na mimi nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutoweza hata kumwambia anatoka kwenye tuni.

OLOIPIRI

Kesho yake, kijijini Oloipiri, Msuya alikuwa na mizigo ya kushusha, nasi tukapewa hifadhi kwenye boma la mama mmoja wa Kimasai ambaye kila mtu alimwita Yeyo, yaani mama. Aliuliza tunakokwenda na kazi zetu. Nikasema mimi ni mkulima.

"Na huyu mumeo mwenye koti?"

"Si mume wangu, ni shemeji. Yeye anachimba."

"Anachimba shimo?"

"Mashimo," Tarmo akasahihisha. "Makubwa. Lile la mwisho lina kina cha watu watatu wakisimama mabegani."

Nilishangaa jinsi mambo yalivyobadilika. Yeyo alisimama, akaita watu. Tarmo akawekwa kwenye kigoda, mimi nikabaki kwenye ngozi. Akaletewa kibuyu cha maziwa yenye harufu tamu ya moshi, kisha bakuli la loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, kisha mafuta. Wazee walikuja kumsalimia kwa kumshika mkono muda mrefu. Kila alipoongeza kina cha shimo, kipande kingine cha nyama kilitokea. Alifika watu watano mabegani.

Hapo nikaelewa. Kwao, mtu anayetumia maisha yake kuchimba ardhini anawachimbia ng'ombe kisima, na mwenye kisima ni mtu mkubwa, jina lake litatajwa hata na wajukuu. Nikakaa vizuri kwenye ngozi yangu nione mwisho wake.

"Na maji yake," Yeyo akauliza, "yanatosha ng'ombe wangapi?"

"Hakuna maji," Tarmo akasema, mdomo umejaa. "Maji yakitokea tunahama, maana yanatusumbua."

Yeyo akamsogelea.

"Sasa unatafuta nini humo?"

"Mchanga."

"Mchanga," Yeyo akarudia. Alitazama nje, kule nyikani, ambako vumbi na mchanga vilikuwa vinapita bure tangu asubuhi bila mtu wa kuvizuia. Kisha kwa upole kabisa akakichukua kibuyu kutoka mapajani kwa Tarmo, akaniletea mimi.

KUSHUKA KUTOKA ENGUSEROSAMBU

Lori liliishia Wasso, kwa hiyo kutoka hapo tulipata msaada wa gari la misheni hadi Enguserosambu, na kuanzia hapo miguu. Njia inapita msituni kisha inaanza kushuka, na inashuka kwa uchoyo, kila ukidhani umefika bonde unapewa bonde jingine. Kibuyu cha asali kilianza kuvuja kidogo, na nyuki wakatuona. Tarmo ndiye aliyekibeba, hivyo nilimwacha atangulie mbali. Alikuwa anashuka mlima huku akivua koti na kulivaa tena, na wachungaji tuliopishana nao walimpungia mkono wakidhani anacheza.

Kitu kimoja sikukitegemea. Tulipokaribia chini nilisikia maji kabla sijayaona. Yalikuwa yanapita kando ya njia kwenye mfereji mwembamba, na nikaona mawe ya chini moja moja. Nilikaa nikalia. Tarmo akanikuta hapo, uso umevimba kwa nyuki, akadhani nalia kwa ajili yake, na akanishukuru.

DIGODIGO

Maji ya Digodigo yana wazee wake. Wao ndio wanaogawa zamu, kila shamba na wakati wake, na hakuna anayefungua mfereji bila wao. Tulipelekwa mbele yao, na mwalimu wa shule ya pale akawa mkalimani. Alikuwa mwalimu mwenye njaa ya kwenda nyumbani, kwa hiyo mzee aliongea kwa muda mrefu na yeye akasema, "Anauliza maji yenu yana rangi gani."

"Kama chai ya maziwa," nikasema.

"Kama chai ya rangi," Tarmo akasema, "tena nyepesi."

Tukabishana mbele za watu. Mzee mwenye fimbo nyeusi akauliza kwa nini hatukuja nayo wayaone.

"Tulikuja nayo," nikajibu. "Yamo kwenye rejeta ya lori, Wasso."

Mwalimu alinitazama, akauliza kama nina hakika nataka atafsiri hilo. Alipotafsiri wazee walijadiliana sana, na swali lililorudi lilikuwa kama lori nalo ni mwenyeji wa Karatu.

Nikaona tunazama. Nikachukua kile kibuyu cha asali nikakiweka katikati kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Mzee mwenye fimbo akaonja, akapitisha. Kila mmoja akaonja. Vichwa vikatikisika vizuri, nikafurahi.

"Wamekubali," mwalimu akasema. "Zamu yenu ni kesho kutwa, jua likianza kupanda."

"Zamu ya nini?"

"Ya maji. Si mmeleta asali?"

Ndipo tukaelezwa kwamba pale mtu asiye na zamu yake akitaka maji huwaendea wazee na asali au mbuzi. Nikamwambia asali yetu ilikuwa salamu tu. Mwalimu alinionea huruma. "Mama, hapa salamu ni mdomo." Tukaomba kuirudisha zamu, na hiyo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu maji yaliyogawiwa yakipita bila mwenyewe kuyapokea ni kosa, na kosa lina mbuzi wake. Hivyo ndivyo tulivyomiliki maji Digodigo, sisi tusio na hata tuta moja la viazi.

Bibi aliyetulaza, mjane mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa, alilichukulia jambo hilo kama baraka. "Yaleteni kwangu," akasema. "Viazi vyangu vina kiu."

Asubuhi ya zamu, Tarmo akashika jembe. Nilimwambia amsubiri bibi. "Shemeji," akanijibu, "maji ni kama mchanga, unayafungulia tu njia." Akaupiga ukingo wa mfereji kama alivyozoea kupiga kilima chetu, kwa chini, ili sehemu ya juu idondoke yenyewe. Ikadondoka. Mfereji wote ukageuka ukamfuata. Maji yalipita viazi bila kuvisalimia, yakaingia njiani, yakaingia zizini, yakatoka na kuku aliyeketi juu ya ungo, na yule kuku alipita mbele ya wazee akiwa ametulia kuliko sisi wote.

Tarmo akatozwa mbuzi.

"Nimetozwa," alilalamika, "kwa maji niliyopewa kwa makosa, kwenye shamba lisilo langu, katika nchi ya watu."

"Na kwenu," mzee akauliza kupitia kwa mwalimu, "anayeharibu maji anatoa nini?"

Tarmo akafikiri. "Anatoa lori la mchanga," akasema, na nadhani ni yeye mwenyewe aliyeumizwa zaidi na jibu hilo.

Mbuzi alipatikana kwa kubadilishana na koti la harusi. Akachinjwa, akaliwa na wote, na Tarmo alipewa fungu lake kama wengine, kwa sababu ndivyo desturi yao ilivyo: mkosaji anakula nao ili kesho asiwe adui. Ila baada ya kula anaujenga ukingo kwa mikono yake. Bibi yetu akawekwa kumsimamia, na akasimamia akiwa amekaa, akinyoosha kijiti. Jiwe hapa. Nyasi na udongo wake pale. Kanyaga. Kanyaga tena. Maji yakaletwa, ukingo ukaenda nayo. Bibi akacheka, akanyoosha kijiti upya.

Nilisubiri Tarmo atukane. Siku zilipita, yeye anakanyaga tu. Jioni moja alikuja nilipokuwa namenya viazi, matope hadi kiunoni.

"Shemeji. Ukingo ukikatwa chini, hata juu ukiwa mzuri vipi hausimami."

"Ndicho nilichokuwa nakwambia msimu mzima."

"Wewe ulikuwa unapiga kelele," akasema. "Huyu amenifanya niujenge." Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama mahindi yangu yaliyoshuka shimoni yalikuwa mengi. Nikamwambia yalikuwa mengi. Akatikisa kichwa, akaenda kunawa.

Kuhusu miche, wazee walitukatalia kabisa. Hakuna anayekata chochote penye chemchemi, hata tawi la kuchokonolea meno. Nilikuwa nimekata tamaa. Lakini mkuyu ukiota kwenye ukingo wa mfereji mizizi yake hupasua ukingo, kwa hiyo huko hung'olewa, na Tarmo katika kujenga alikuwa ameng'oa miche mitano na kuitupa kando. Mzee mwenye fimbo akaigusa kwa mguu. Hiyo, akasema, haikuwa ya chemchemi wala ya mfereji. Ilikuwa ya adhabu yake. Achukue. Tarmo akaifunga kwenye gunia lililolowa kama mtu anayefunga mtoto mchanga.

KURUDI

Tulimkuta Msuya Wasso akiwa na furaha ya ajabu. Tangu amimine yale maji yetu, rejeta haijavuja tena. Tope limeziba tundu. "Mama, mna dawa kule kwenu na hamjui," akaniambia, na akatupa nafasi bure.

Oloipiri, Yeyo alipoona mikuyu aliinuka. Aling'oa majani mabichi akayafunga kwenye vile vijiti, akanyunyiza maziwa, maana mti huo kwao ni wa kuheshimiwa. Kisha akamwamuru Msuya aiweke mbele kwenye kiti, na Tarmo apande juu ya magunia. Msuya alitii. Kwa bahati mbaya, heshima hiyo ndama hakuifahamu, na tulipokuwa tunaaga mche mmoja ulikuwa umeliwa pamoja na mapambo yake. Wa pili ulikufa kwa jua la nyikani. Tarmo alikuwa anainywesha mitatu iliyobaki kwa kikombe chake cha kunywea, na yeye akakaa na kiu.

Kwenye kizuizi cha msituni, nyumbani kumekaribia kabisa, mlinzi akaona miti kwenye kiti cha mbele.

"Hakuna mmea unaotoka msituni."

"Haijatoka msituni," nikasema, "imetoka Digodigo."

"Mti hauna lafudhi, mama. Nitajuaje?"

Alikuwa anafanya kazi yake, siwezi kumlaumu. Alisema lazima awepo mtu anayefahamika pale wa kutudhamini, ama sivyo miche ibaki. Upepo wa baridi ulikuwa unaipiga. Niliona safari nzima, koti, mbuzi na nyuki, vinaishia kwenye ule mti wa kizuizi uliolala barabarani. Tarmo akashuka toka juu ya magunia, mweupe kwa vumbi.

Mlinzi akamkazia macho. "Wewe si Tarmo wa mchanga? Unajenga nyumba za watu Karatu kwa nusu tripu?"

Ilikuwa hivi: mlinzi alikuwa anajenga, alikuwa amelipia tripu nzima ya mchanga, na Tarmo alimpelekea nusu.

"Basi umeshapata mtu unayemfahamu," nikamwambia mlinzi.

"Kumfahamu namfahamu," akasema. "Na ninachokifahamu si kizuri." Akamgeukia Tarmo. "Nusu yangu utaniletea lini?"

Jibu lilikuwa jepesi. Angesema kesho. Ukingo wa mwisho ulikuwa pale pale unamsubiri, mchanga mzuri, kazi ya asubuhi moja. Nilimtazama, kwa sababu nilijua hilo jibu litatupitisha, na nilijua mchanga wake utatoka wapi.

"Mchanga umekwisha," Tarmo akasema.

"Mto mzima?"

"Mto upo. Mimi ndiye sichimbi tena. Lakini uani kwangu kuna lundo la kupigia lipu nyumba yangu. Njoo na gari ulichukue lote."

Wote tulijua kwamba mkewe Tarmo anaisubiri hiyo lipu tangu alipoolewa.

"Mtu mwongo angesema kesho," mlinzi akasema mwishowe. Akauinua mti wa kizuizi kwa mikono yake.

NYUMBANI

Mkutano ulikaa tena. Tarmo akasimama bila koti, akaeleza. Akasema kuanzia leo anayeharibu maji atoe mbuzi, mbuzi aliwe na wote na mkosaji akiwemo, kisha mkosaji atengeneze alichoharibu. Watu walicheka hadi wakaishiwa, kisha wakapiga makofi, wengine nadhani kwa ajili ya mbuzi. Miche mitatu aliipanda mwenyewe, miwili juu ya chemchemi na wa tatu katikati ya njia ya malori ya kuingilia shimoni kwake. Mkandarasi alikuja, akaukuta mti mdogo umezungushiwa miiba na wanaume ishirini wanakanyaga nyasi na udongo kwenye ukingo. Aliuliza nani mkubwa wao. Wakamwonyesha mtu aliyekuwa matopeni hadi kiunoni, anayenyoosha kijiti.

Mbuzi wa kwanza kutozwa alikuwa wangu. Bata wangu waliingia kwenye chemchemi wakaivuruga, asubuhi moja tu.

"Bata si lori," nikamwambia Tarmo.

"Shemeji, maji hayaulizi aliyeyavuruga ana matairi mangapi."

Nilibisha sana, mnanijua. Kisha nikaenda kumfungua mbuzi kamba. Fungu langu nililila, na lilikuwa na chumvi ya kutosha. Bata nimewajengea banda mbali na bonde, wamenuna mpaka leo.

Masika yalikuja, yakaenda. Shamba langu liko pale pale lilipokuwa.

Juzi Msuya alisimamisha lori mlangoni kwangu, na ile ile chupa mkononi. Rejeta imeanza kuvuja tena. Anaomba dawa, ile ya mwanzo, isichanganywe na kitu. Nikashuka naye bondeni. Alichota, akainua chupa juani, akamwaga. Akachota upande mwingine, akamwaga.

"Mama, haya ni maji tu."

"Ndiyo."

"Karatu nzima hamna tope?"

Nilifikiri namna ya kumsaidia, maana alitubeba vizuri. Lakini njia pekee ilikuwa kuwarudisha bata, na mbuzi niliobaki nao ni wawili.

"Limekwisha, Bwana Msuya," nikamwambia, na ilibidi nigeuke pembeni ili asinione nilivyokuwa nimefurahi.